Malalamiko kuhusu kijitabu chenu cha historia ya BlizzCon

Kwa Mhariri Mkuu,
Idara ya Vitabu vya Burudani

YAH: MAKOSA YA MIAKA, MAHALI NA SAA KATIKA KIJITABU CHENU, CHAPA YA KWANZA

Ndugu Mhariri,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kijitabu mnachokiuza kama "historia kamili" ya BlizzCon, tamasha la mashabiki wa Blizzard Entertainment, kampuni ya Marekani ya gemu za kompyuta, kina makosa ambayo mpiga chapa hahusiki nayo. Herufi zilizoruka tumezisamehe. Tunacholalamikia ni kwamba mwandishi wenu alisikia tamasha ni la "kila mwaka", akapiga hesabu kuanzia 2005, na hakujisumbua kuangalia lilifanyika lini.

Ukurasa wa kwanza unadai BlizzCon imefanyika "mara 19 mfululizo, 2005 hadi 2023". Miaka kweli ni 19, ila matamasha ya ukumbini ni 14: 2005, kisha 2007 hadi 2011 bila kukosa, 2013 hadi 2019 bila kukosa, halafu 2023. Miaka ya 2006, 2012, 2020, 2021 na 2022 haikuwa na mkusanyiko wowote Anaheim, mji wa California linakofanyika tamasha. Kosa hilo moja limezaa mengine, kwa sababu kila sura imepewa namba kutokana nalo. Tamasha la 2011 mmeliita la saba, nalo ni la sita. La 2017 mmeliita la 13, nalo ni la 11. Tamasha la kumi ni la Novemba 2016, wala si la 2014 kama kinavyosema kichwa cha sura yenu ya maadhimisho. Kubadili namba kwenye jedwali hakutatosha, maana aya nzima za sura hiyo zimejengwa juu ya kumbukumbu ya miaka isiyokuwapo.

Mapengo hayo matano ndiyo sehemu yenye mengi ya kueleza, na ndiyo mliyoifuta. Mwaka 2012 Blizzard ilijizuia yenyewe: gemu ya Diablo III ilitoka Mei, nyongeza ya gemu ya World of Warcraft iitwayo Mists of Pandaria ikafuata Septemba, na mashindano ya dunia ya Battle.net, huduma ya Blizzard ya kucheza mtandaoni, yakapelekwa Shanghai mwezi Novemba. Picha mliyoiweka kwenye ukurasa wa "BlizzCon 2012" ni ya Shanghai, maandishi ya jukwaani yanaonekana wazi. Mwaka 2020 sababu ilikuwa UVIKO-19. Kilichofuata, Februari 19 na 20, 2021, ni BlizzConline, matangazo ya bure ya mtandaoni ambamo Diablo II: Resurrected ilitambulishwa. Mkitaka kuihesabu, ihesabuni, lakini mseme hivyo, na jumla iwe 15 na si 19. Toleo lililotarajiwa mapema 2022 lilifutwa kwa tangazo la Oktoba 2021, miezi michache baada ya idara ya haki za ajira ya jimbo la California kuishitaki Activision Blizzard, kampuni mama, na baada ya rais wa Blizzard, J. Allen Brack, kuondoka. Kijitabu kinachojiita historia kamili hakiwezi kuruka mwaka huo kimyakimya.

Kosa la pili linawapoteza zaidi wasomaji wapya: mmekusanya kila tangazo kubwa la Blizzard mkalitundika Anaheim. Gemu ya StarCraft II haikutangazwa BlizzCon. Ilitangazwa Seoul, Mei 2007, kwenye tamasha jingine la kampuni hiyohiyo lililoitwa Worldwide Invitational. Diablo III ilitangazwa Paris, Juni 2008, kwenye tamasha hilohilo la Invitational. Legion, nyongeza ya World of Warcraft, ilitangazwa Ujerumani wakati wa maonyesho ya gemu ya Gamescom, Agosti 2015, yaani miezi mitatu kabla ya BlizzCon ya mwaka ule. Tunadhani tunajua mkanganyiko ulikoanzia: gemu hizo zote zilionyeshwa pia BlizzCon. Mwaka 2008, kwa mfano, ndipo mashabiki walipoambiwa kwamba StarCraft II itagawanywa sehemu tatu, na ndipo Wizard, aina mojawapo ya wahusika wa kuchezwa katika Diablo III, alipotambulishwa. Kutangazwa, kuonyeshwa na kutoka sokoni ni mambo matatu, na kila moja linahitaji safu yake kwenye jedwali. Ninyi mna safu moja tu, "Tarehe".

Yale yaliyotangazwa Anaheim kweli yapo ya kutosha. Kati ya nyongeza za World of Warcraft, The Burning Crusade ilitangazwa 2005, Wrath of the Lich King 2007, Cataclysm 2009, Mists of Pandaria 2011, Warlords of Draenor 2013, na Battle for Azeroth 2017 pamoja na World of Warcraft Classic. Gemu mpya ya Overwatch ilitangazwa 2014. Mwaka 2023 Chris Metzen, mbunifu mkongwe wa Blizzard, alitambulisha nyongeza tatu za World of Warcraft kwa mpigo.

Diablo Immortal na Diablo IV mmeziweka pamoja chini ya 2019, na hapo mmeua kisa kizima. Immortal, gemu ya simu, ndiyo iliyofunga hafla ya ufunguzi ya 2018 mbele ya ukumbi uliokuwa ukisubiri Diablo ya kompyuta. Ndipo mbunifu wake, Wyatt Cheng, aliyekuwa akijibu maswali, akawauliza waliokuwa wakizomea kama hawana simu. Diablo IV ilikuja mwaka uliofuata. Mtu asiyejua mpangilio huo hawezi kuelewa kwa nini ilipokewa kwa vifijo vile. Na 2018 hiyohiyo ndiyo hafla ambayo Mike Morhaime, mmoja wa waanzilishi wa Blizzard, alimkabidhi Brack jukwaa. Ninyi mmeandika 2019, mwaka ambao Brack alifungua tamasha kwa kuomba radhi juu ya adhabu aliyopewa mchezaji wa Hearthstone, gemu ya karata ya Blizzard, kutoka Hong Kong.

Jedwali la saa, ambalo pengine mnajivunia, halifai. Limetumia tofauti ya saa 7 kati ya Anaheim na Greenwich kwa miaka yote. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Matamasha ya 2016 hadi 2019 na la 2023 yaliangukia kabla ya Jumapili hiyo, kwa hiyo 7 ni sahihi. Ya 2013, 2014 na 2015 yaliangukia baada yake, kwa hiyo tofauti ni 8. BlizzConline ya Februari nayo ni 8. Mwaka 2005 kanuni ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tamasha la Oktoba 28 na 29 liliisha siku moja kabla ya saa kubadilika, hivyo hapo mmepona kwa bahati. Chukueni kipindi chochote kilichoanza saa 5 asubuhi Anaheim: mwaka 2016 ni saa 12 jioni ya Greenwich, mwaka 2014 ni saa 1 usiku. Anayepanga kumbukumbu za video kwa kufuata jedwali lenu atakosea saa nzima kwa miaka hiyo mitatu, na kwa BlizzConline pia.

Mengine ni madogo. Bendi ya Metallica ilipiga muziki 2014, na 2013 ilikuwa bendi ya blink-182. Bei ya tiketi haikuwa moja: ilikuwa dola 100 mwaka 2008, 125 mwaka 2009, 150 mwaka 2010, 175 mwaka 2011. Yule dubu mweupe wa kupanda ndani ya World of Warcraft ni zawadi waliyopewa wahudhuriaji wa 2008.

Mlipoandikiwa mara ya kwanza mlijibu kwamba "mashabiki hawajali undani huo". Mwaka 2010 shabiki mwenye shati jekundu aliwauliza wabunifu jukwaani, palepale BlizzCon, Falstad Wildhammer, mhusika wa World of Warcraft, yuko wapi na kwa nini hayumo katika baraza la Ironforge, mji wa vibeti ndani ya gemu hiyo. Alikuwa sahihi. Blizzard ilimweka Falstad barazani, na kando yake ikasimamisha kibeti mwenye shati jekundu aitwaye Wildhammer Fact Checker. Undani ukiwa wa kubuni kabisa ulisahihishwa. Huu wenu ni wa kalenda.

Tunaomba haya ndani ya siku 30: karatasi ya masahihisho iwekwe ndani ya nakala zote zilizobaki ghalani, faili ya kidijitali ibadilishwe na walioinunua wapelekewe mpya bila malipo, sura ya 2012 iondolewe na sura ya maadhimisho iandikwe upya, jedwali la matangazo lipewe safu tatu, na maneno "historia kamili" yafutwe kwenye jalada hadi kazi hiyo iishe. Anayetaka kurudisha nakala arudishiwe fedha yake, hata kama ameifungua.

Orodha ya makosa yote, ukurasa kwa ukurasa, imeambatishwa.

Wenu,
Wasomaji waliotia saini hapa chini