Kwa Nini Tunavua Diski za Breki Kabla Hujanunua Z/28

Wiki iliyopita mteja ametoka hapa gereji kwetu Austin amenuna. Tulimtoza dola 450 kukagua Chevrolet Camaro Z/28 ya 2015, gari ya michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya njia za mbio, aliyotaka kununua, akasema tumemwibia: gari ina maili 9,000 tu, na ripoti ya historia yake haina ajali hata moja. Lawama hii naisikia kila mwaka, kwa hiyo naijibu.

Z/28 ya kizazi hiki haijawahi kuwa gari ya bei nyepesi. Ilipotoka 2014 ilianzia kama dola 75,000, ghali kuliko Camaro mwenzake ZL1 yenye nguvu za farasi 580, na yenyewe ina 505. Kiyoyozi ulilipia pembeni. Spika moja. Watu huniuliza, "Sasa fundi, hela imekwenda wapi?" Imekwenda chini: diski za breki za kaboni na seramiki za Brembo, shokomzoba za Multimatic, matairi ya upana wa milimita 305 mbele na nyuma, injini ya LS7 ya lita 7 yenye konrodi za titani. Vitu hivyo vikiwa vimekwisha, umelipa bei ya Z/28 ukapewa ganda lake.

Maili za dashibodi hazikuonyeshi hayo. Hapa Circuit of the Americas, njia ya mbio za magari, ni jirani yetu. Mtu anashinda huko akikanyaga breki kwa nguvu zote kila kona, jioni anarudi na maili mia tu. Akigonga ukuta, bima nyingi za kawaida hazilipi ajali ya njia ya mbio. Anatengeneza kwa pesa yake, na ripoti inabaki safi.

Ndiyo maana tunavua. Diski ya namna hii joto huila kaboni yake kwa ndani, unene ukabaki karibu uleule. Kwa hiyo tunaipima uzito. Tunaitoa, tunaipangusa vumbi, tunaiweka kwenye mizani, tunalinganisha na uzito wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Ya mbele kushoto ya gari ile ilibakiza gramu 14 kufikia uzito huo wa chini. Mipira ya pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ilikuwa imeungua. Niliigusa kwa ukucha ikapukutika. Diski mpya ni maelfu ya dola. Nilimwonyesha yote, lakini moyo wake ulishaipenda gari.

Wengine hununua kwa picha za simu. Ndugu mmoja Mkenya wa Dallas alifanya hivyo, akakuta diski zimekwisha. Ili kuokoa pesa akafunga za chuma za bei rahisi na kuacha pedi zilezile za zamani, za diski za kaboni. Zikalana. Alipoletwa kwangu na gari la kuvuta, diski na pedi zote zilikuwa za kutupa, na zile za kiwandani alishaziuza kama chakavu. Alipotaka kuuza gari, kila mnunuzi aliuliza breki zake ziko wapi, akakata bei kwa maelfu.

Kazi hii inachukua saa nne, na dola 450 hazipungui, kwa sababu sitaandika "nzuri" kwenye karatasi kwa kuchungulia kati ya spoku za rimu. Lete gari asubuhi, diski zikiwa baridi.