Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza kazi ya u-MC

Wanangu, hamjambo.

Mnaopenda ushereheshaji mara nyingi husifiwa mdomo, na mdomo mnao. Ila harusi za mwanzo huharibikia kwenye karatasi ambayo MC hakuiandaa.

Wiki moja kabla, kaa na mwenyekiti wa kamati pamoja na mtu mmoja wa kila upande. Andika majina ya meza kuu na ya watakaosema neno jinsi yanavyotamkwa, kisha wasomee wakusahihishe. Uliza wazazi gani wametangulia mbele ya haki, na kama wapo walioachana, nani atasimama na nani. Ukimwita marehemu aje kupokea zawadi, ukumbi utaganda, wala hakuna utani utakaouamsha.

Halafu piga hesabu ya muda. Kadi imesema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku, ukumbi unafungwa saa 6: una saa 4 tu. Wageni 300 kwenye foleni moja ya chakula, kila mmoja nusu dakika, ni saa 2 na nusu. Iombe kamati foleni nne. Mtamaliza kwa dakika 40 hivi. Zawadi nazo ziite kwa makundi: ukoo, jumuiya, wafanyakazi wenzao. Ukiita mtu mmoja mmoja, keki itakatwa watu wakiwa wameshaondoka.

Fika mapema, ujaribu kipaza sauti ukumbi ungali mtupu. Shika mpini. Vijana hupenda kufumbata kile kichwa cha wavu kama wasanii. Ukikifumbata, kinaanza kunasa sauti ya pande zote pamoja na ya spika, ndipo ule mluzi unapopasua masikio. Kiache vidole vitatu kutoka mdomoni, upande kidogo, ili "p" na "b" zisipige upepo. Usipite mbele ya spika. Kiwepo kingine cha waya, kwa sababu betri huisha bila hodi. Na DJ mpatane ishara ya mkono ya kushusha muziki, maana kupigizana kelele na wimbo ni aibu yenu wawili.

Ukisema "naomba tusimame", nyamaza. Hesabu hadi tatu. Anayeogopa ukimya huujaza kwa "makofi tafadhali" hadi makofi yenyewe yanakosa maana.

Anzieni kwenye kipaimara cha watu 50 au mahafali ya shule, au mshikieni orodha MC mzoefu mkiona anavyookoa ratiba iliyochelewa. Kuhusu malipo, muandikiane. Nusu ipokee siku mnapokubaliana, iliyobaki kabla hujashika kipaza sauti. Sherehe ikiisha kamati huvunjwa, na mweka hazina aliyekuwa akipokea simu mara moja huanza kuwa safarini.