Barua ya wazi: Mheshimiwa, barabara za mitaa ya Malindi zijengwe kaskazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango,
Serikali ya Kaunti ya Kilifi.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu. Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo nyumba zinaongezeka kila uchao, na kila nyumba inataka njia, maji na taa. Kwamba pesa hazitoshi, wengi wamekwisha kusema. Letu ni hili: zile zilizopo zifike mtaani kabla ya masika.

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Masika huingia mwishoni mwa Machi au Aprili, yakakolea Mei. Zabuni ikivutwavutwa hadi robo ya tatu, greda inakuja na mvua. Murramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, ikirowa haishindiliki. Mashine ikipita juu, udongo unanepa na kufura pembeni. Mvua kubwa mbili tatu zikinyesha, changarawe yote iko mtaroni, kama mtaro upo. Zabuni itangazwe Julai, mkataba utiwe saini kufikia Oktoba, vuli ipite, kazi ifanywe kaskazi, yaani Desemba hadi Machi. Maji ya kushindilia yatoke kwenye bauza, lori la maji, kwa kipimo, si mawinguni.

Pili, vipimo. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6 na murramu ya sentimita 15 iliyokwisha kushindiliwa ni mita za ujazo 900. Ikiwa bado haijashindiliwa ni kama 1,170, yaani tipa 78 za mita za ujazo 15. Mwanakandarasi akimwaga tipa 52, unene ni sentimita 10, na kwa macho hutajua. Mpaka uchimbe kwa sururu uingize rula. Katikati ya barabara pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 15, la sivyo maji yatatuama penye magurudumu.

Sasa makadirio yakisema tu "ukarabati wa barabara za wadi", nani atahesabu tipa? Yaandikwe jina la barabara, inapoanzia, inapoishia, urefu, upana, unene, na maji yake yanamwagwa wapi. Hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Mtaro usio na pa kutokea unafuga mbu tu. Kalvati nazo, mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ziwe za kipenyo cha milimita 600. Ya 300 ina tundu robo tu ya hiyo, na kwa mchanga wetu huu na chupa za plastiki huziba upesi, wala koleo haliingii kuizibua.

Pakiwekwa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika barabarani, yawe ya unene wa milimita 80 panapopita magari; ya 60 ni ya waendao kwa miguu. Mawe ya kingo yajengewe zege. Tazama kona ambapo tuktuk hugeuka: kingo ikilegea, mchanga wa chini huvuja, kabro zinaachana, moja inazama, na ya pili inaifuata. Na kabla ya kutandika, yapitishwe mabomba matupu chini ya barabara kila mita 50. Mtaa unaokua hauachi kuunganisha maji, na kabro iliyong'olewa mara moja hairudi sawa.

Kuhusu taa za mulika mwizi, zile kubwa za mlingoti mrefu, hatuna mengi ya kusema, ila bili ya umeme na balbu vitengewe fungu lake mwaka ule ule mlingoti unaposimikwa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa muda wa kati, itengewe maendeleo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio Aprili 30. Tunaomba orodha ya barabara na vipimo vyake ibandikwe kwenye ofisi za wadi wiki mbili kabla ya kila kikao cha maoni ya umma, kwa Kiswahili. Orodha ikigawiwa mlangoni asubuhi ya kikao, watu watachangia bila kuisoma.

Wako,
Mafundi na wakazi wa Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo,
Malindi.