Sindano iliyotoka tupu

Ndugu Mhariri,

Makala uliyoichapa juu ya maradhi ya damu iliandikwa kwa uangalifu, lakini ilituachia picha kwamba seli shina, yaani seli mama inayozaa seli za damu, ikiharibika basi kosa ni lake peke yake, utadhani haina mahali inapokaa. Naomba nafasi nizungumzie mahali hapo, yaani uloto wa mifupa.

Shemeji yangu, mkaazi wa Wete, aliishi miaka na bandama lililovimba, na sote tulilihesabu kuwa ni mabaki ya homa za malaria. Alipopelekwa Bara na kuchomwa sindano kwenye nyonga ili uloto uvutwe, bomba lilitoka tupu, likarudishwa, likatoka tupu tena. Dada yangu aliamini kuwa daktari hajui kazi. Kumbe utupu ule ulikuwa dalili: kilipotolewa kijipande cha mfupa wenyewe, chembamba mfano wa njiti ya kibiriti, kilikutwa kimejaa nyuzi za kovu, na damu, kwa kukosa nafasi, ilikuwa ikitengenezwa kwenye bandama.

Maradhi hayo huanza kwa seli shina iliyobadilika, mara nyingi katika jeni iitwayo JAK2, lakini hayaishii hapo. Wazao wa seli hiyo humwaga kemikali zinazozichochea seli za jirani, ambazo kazi yao ni kuzilea seli shina, mpaka zikaacha malezi na kuanza kufuma nyuzi.

Mtafiti Raymond Schofield wa Uingereza alikwishapendekeza mwaka 1978 kuwa seli shina hubaki na sifa zake kwa sababu ya makaazi yake. Mwaka 2010 watafiti walichapisha jambo lililonishangaza zaidi: waliondoa jeni ya Dicer1 katika seli changa za mfupa wa panya, wala hawakuzigusa seli za damu, na damu ndiyo iliyoharibika, hata baadhi ya panya wakapata saratani ya damu. Panya si binadamu, na asitokee msomaji akasema maradhi yote ya damu chanzo chake ni makaazi. Selimundu, kwa mfano, ni ya kurithi. Hata hivyo seli zilizopinda huziba mishipa midogo ndani ya mifupa na kuufisha uloto vipande vipande, na watoto wetu wakalia usiku kucha.

Upandikizaji wa uloto, ambao sasa hufanyika hata Dodoma, huleta seli shina mpya, ilhali seli za malezi hubaki kwa sehemu kubwa zile zile za mgonjwa. Kwa mwenye kovu ndani ya uloto, kama shemeji yangu, upandikizaji ukishika, nyuzi mara nyingi hupungua kidogo kidogo kwa miezi. Ningependa makala yako ijayo iyaeleze hayo. Dada yangu angaliyasoma mapema, asingalitoka chumbani mle akiwa amemnunia daktari.

Msomaji wako,
Wete, Pemba