Kabla sijasaini: barua ya wazi kwa vijana wa Uru wanaodai Bunge Maalumu jipya la Katiba

Wanangu na wajukuu zangu,

Amani iwe kwenu. Karatasi mliyoniletea Jumapili ile baada ya misa bado iko mezani kwangu, na nafasi mliyoniachia kwa niaba ya wazee haijajazwa. Nimesikia mmoja wenu ameuliza kama mzee ameingiwa na woga. La, sijaogopa. Nimeisoma mara nne, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la nchi nzima, nimeona niwajibu kwa barua ambayo yeyote anaweza kuisoma, nieleze ninapokubaliana nanyi na mahali ambapo mkono wangu umekataa kuandika.

Mnachodai ni haki yenu. Katiba tunayoitumia iliandaliwa na tume ya watu 20 chini ya Mzee Thabit Kombo, tume ile ile iliyoandika katiba ya chama kipya cha CCM, na ikapitishwa tarehe 25 Aprili 1977 na Bunge Maalumu ambalo wajumbe wake walikuwa wabunge wale wale wa chama kimoja. Wananchi hatukuulizwa. Haki za binadamu ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, na hata baada ya hapo tulingoja hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mahakamani. Vyama vingi vikaja 1992. Hadi kufika mwaka 2005 Katiba hiyo ilikuwa imebadilishwa mara 14, na bado matokeo ya urais yakishatangazwa hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyachunguza.

Yapo pia mambo ambayo Bunge la kawaida haliwezi kuyatibu, kwa sababu mgonjwa ni lenyewe. Chukueni suala la mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba ili kuufuta ushindi wake. Akashinda tena 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, safari ya basi ya asubuhi kutoka hapa kwetu, na mwezi Juni 2013 ikatamka kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama ni kuvunja haki zake. Hukumu ipo, na ibara zile nazo zipo vile vile. Ni nani atakayeziondoa, ikiwa walioketi bungeni wote waliingia kwa mlango huo wa vyama? Kwa hoja hii peke yake, anayesema Bunge Maalumu halina maana hajafikiri vya kutosha.

Basi kwa nini sijasaini?

Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi wakati Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilipoanza kukusanya maoni mwaka 2012. Mwaka uliofuata nilikuwa mmoja wa watu wanne waliotoka kata yetu kwenda Baraza la Katiba la Wilaya kuijadili rasimu ya kwanza. Pamoja nami alikuwepo mama mmoja muuza ndizi, marehemu sasa, ambaye nakala yake ilikuwa imekunjwa pembe karibu kila ukurasa na kupigiwa mistari kwa kalamu ya bluu ya mtoto wake. Zamu yake ilipofika alisoma kipengele cha usawa, polepole, kidole kikifuata maneno, kisha akauliza kama hiyo inamruhusu binti aliyeachika arudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, au ni maneno ya kusomwa tu. Mwenyekiti akamwomba ataje namba ya ibara anayotaka ibadilishwe. Akajibu kwamba hataki ibadilishwe, anataka iwe kweli. Akaketi.

Nawasimulia kwa sababu mama yule aliamini kwamba neno lake linasafiri. Na kwa kiasi fulani lilisafiri: Rasimu ya Pili, aliyokabidhiwa Rais tarehe 30 Desemba 2013, ilibeba mengi yaliyosemwa mikutanoni. Ilipendekeza serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, mawaziri wasiwe wabunge, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao. Kisha ikafika Dodoma.

Bunge Maalumu lilianza tarehe 18 Februari 2014 likiwa na wajumbe zaidi ya 600, na kati yao ni 201 tu walioteuliwa kutoka makundi ya jamii, nao waliteuliwa na Rais. Waliobaki walikuwa wabunge wa Muungano na wawakilishi wa Zanzibar, yaani watu ambao rasimu ile ilikuwa inagusa vyeo vyao. Majuma ya mwanzo yaliishia kwenye kanuni, kura ya siri au ya wazi, na hata hoja ya kuongeza posho iliyokuwa shilingi 300,000 kwa siku. Tarehe 16 Aprili UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje na hawakurudi. Waliobaki wakaendelea, wakaondoa serikali tatu, wakaondoa ukomo wa ubunge na ile haki ya kumwondoa mbunge, na tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Sisemi kwamba yote waliyoyapitisha yalikuwa mabaya. Mwanamke na ardhi, kwa mfano, hakusahaulika mle, na nilifurahi kwa ajili ya yule mama. Lakini Kura ya Maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na mama yule alizikwa kabla hajaulizwa ndiyo au hapana.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Karatasi yenu inasema Rais aitishe Bunge Maalumu jipya "mara moja", na hakuna sentensi hata moja inayosema nani ataketi humo na nini kitamfunga. Mmedai nyumba bila kutaja msingi. Likiitishwa kesho kwa utaratibu ule wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya 2011, uliotumika mwaka 2014, watakaoingia ni wabunge wale wale, kwa wingi ule ule, nao watakuwa na uwezo wa kugusa kila ibara, zikiwemo zile za haki mnazozitumia leo kukutana kwenye ukumbi wa parokia. Mkutano wa katiba ukishafunguliwa haurudi ndani ya mipaka kwa kuombwa. Wamarekani waliwatuma wajumbe Philadelphia mwaka 1787 wakarekebishe mkataba wao wa awali. Wajumbe wakafunga milango na kutoka na katiba mpya kabisa. Ilitokea vizuri kwao, ila tangu siku hiyo hawajaitisha mkutano mwingine wa namna ile, ingawa katiba yao inaruhusu theluthi mbili za majimbo kuuomba.

Mtaniambia tuwachague wajumbe wenyewe, wasiwe wabunge. Nakubali, na ningependa muandike hivyo waziwazi. Hata hivyo msidhani hilo linatosha. Wananchi wa Chile walifanya hivyo hivyo: karibu wanane kati ya kila kumi walitaka katiba mpya mwaka 2020, wakachagua wajumbe 155, nusu wanawake, na Septemba 2022 wananchi wale wale wakaikataa rasimu kwa zaidi ya asilimia 60. Wajumbe walijaza kila walichokitamani na kuwaacha wenye nchi nyuma.

Waliofanikiwa walijifunga kwanza. Afrika Kusini walikubaliana misingi 34 kabla hawajachagua Bunge la kuandika katiba, na Mahakama ya Katiba ikapewa kazi ya kupima kama rasimu imeifuata. Mwaka 1996 mahakama iliirudisha, wakarekebisha, ndipo ikapita. Jirani zetu Wakenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, waliikataa rasimu mwaka 2005, wakaingia kwenye maafa ya 2007 na 2008, kisha wakaunda kamati ya wataalamu iliyoanza na mambo wanayogombania. Mwaka 2010 Bunge lao lilipojaribu kuibadilisha rasimu halikupata kura za kutosha hata kwa kipengele kimoja, kwa sababu sheria ilikuwa imepandisha kizingiti mapema. Nataka tupate kizingiti cha namna hiyo bila kupitia maafa ya namna ile.

Hapa kwetu hamhitaji kwenda mbali. Kwenye mfereji wetu, mwenye shamba la juu ana haki ya maji kama mwingine, lakini siku ya kugawa zamu hakabidhiwi yeye jembe la kufungulia. Hakuna anayemchukia kwa hilo, na wala yeye hajioni ametukanwa.

Jambo jingine linanihuzunisha kwenye karatasi yenu: neno Zanzibar halimo. Mwaka 2014 kila kipengele kilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake, na Zanzibar ina katiba yake iliyobadilishwa kwa uzito mkubwa mwaka 2010. Mkianza kuzungumza nao baada ya wajumbe kuketi, mtakuwa mmechelewa. Wapo vijana wenzenu Unguja na Pemba wanaodai kama ninyi, watafuteni sasa.

Vilevile semeni Katiba Inayopendekezwa na Rasimu ya Pili zifanywe nini. Maelfu ya watu walitoa maoni, baadhi yao hawapo tena. Sitaki kusikia kwamba tunaanza upya kana kwamba hawakusema. Mimi naona Rasimu ya Pili ndiyo iwe mezani, na mkutano mpya uamue yale tu yaliyozusha ugomvi, kwanza muundo wa Muungano.

Kwa hiyo naomba muongeze vifungu viwili. Cha kwanza: wajumbe wachaguliwe na wananchi kwa kazi hiyo tu, na yeyote atakayeketi humo asigombee ubunge wala urais katika uchaguzi utakaofuata. Cha pili: kabla ya kuketi kwao itungwe sheria yenye misingi isiyoguswa, mahakama ya kuipima rasimu, na tarehe ya Kura ya Maoni isiyoweza kuahirishwa ila kwa theluthi mbili ya pande zote mbili za Muungano. Neno "mara moja" lifuteni.

Nileteeni karatasi hiyo ikishaandikwa upya. Niko nyumbani kila siku baada ya saa kumi, na nitasaini mbele yenu.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Uru, Moshi