Kishikwambi cha mwanafunzi kiende nyumbani na kazi na saa ya kuzimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matumizi ya vishikwambi kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, jambo ambalo huku kwetu Ujiji limeanza kuzua mabishano makali katika vikao vya wazazi. Wako wanaotaka vifungiwe kabatini moja kwa moja, na wako wanaoona kwamba kuvihoji ni kuwarudisha watoto nyuma. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakipa chombo uzito kuliko utaratibu wa kukitumia, na huo utaratibu ndio tusiokuwa nao.

Tangu Serikali iwagawie walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Agosti 2022, chombo hiki si kigeni tena mashuleni. Katika shule anayosoma binti yangu vipo vichache vya wanafunzi, ambavyo hutumiwa kwa kushirikiana darasani, na mwishoni mwa juma baadhi ya wanafunzi huruhusiwa kwenda navyo nyumbani kwa zamu. Sisi wazazi tulisainishwa fomu. Niliisoma kwa makini: inasema kioo kikivunjika mzazi atalipa, chaja ikipotea mzazi atalipa, na kishikwambi kirudishwe Jumatatu asubuhi. Haisemi neno kuhusu saa za matumizi, wala kuhusu picha, wala kuhusu nani anunue bando na kwa ajili ya nini. Fomu hiyo inalinda mali ya shule vizuri sana, lakini mtoto atakayeishika mali hiyo usiku kucha haimlindi hata kidogo.

Ijumaa ya kwanza binti yangu alipokuja nacho nilimuuliza mwalimu amewaagiza wafanye nini. Akanijibu, "Ametuambia tujisomee, baba." Mtoto wa miaka 14 aliyeambiwa ajisomee, bila ukurasa wala swali, na mkononi ana video na magemu ya kila aina, hana kosa kubwa akikutwa saa nne usiku anatazama vichekesho. Zamu yake nyingine ilipofika, mwalimu wa Baiolojia alikuwa amewapa kazi ya kueleweka: watazame mchoro wa moyo, wauchore kwenye daftari, waoneshe damu inaingilia wapi na kutokea wapi, na Jumatatu atakagua daftari. Kazi ile ilikwisha kabla ya Magharibi, na binti akanikabidhi kishikwambi mwenyewe bila kuitwa. Chombo kilikuwa kilekile na mtoto yuleyule.

Darasani nako mambo ni hayohayo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi akishahama kutoka kwenye somo kwenda kwenye mambo mengine ya kifaa, inaweza kumchukua hadi dakika 20 kurudisha akili yake kwenye alichokuwa anajifunza. Kipindi chetu cha sekondari ni dakika 40. Mwalimu aliyeingia bila kuandaa somo, akavigawa vishikwambi ili darasa litulie, anaweza kupoteza nusu ya kipindi bila kusikia kelele yoyote. Ndiyo maana naona maandalio ya somo yaoneshe vishikwambi vitafunguliwa dakika ya ngapi, kwa kazi gani, na vitafunikwa lini. Vingi vina mpangilio unaozuia kutoka katika programu moja hadi neno la siri liingizwe, na vitabu vya kiada vinaweza kusomwa katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tusiwalaumu walimu kwa kutoyajua haya kama hakuna aliyekaa nao akawaelekeza.

Suala la picha linaniumiza zaidi. Msichana mmoja wa jirani yetu alisinzia juu ya meza wakati wa prepu, mwenzake akampiga picha mdomo ukiwa wazi, akaiandikia maneno ya kejeli, na kufika asubuhi ilikuwa imeshazunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi. Mtoto yule alikataa kwenda shule juma zima. Aliyepiga picha alichapwa viboko na shauri likafungwa, lakini hakuna aliyewaeleza wanafunzi kwamba picha ya mtu ni taarifa yake binafsi, kwamba nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba kitu kikishatumwa hakirudishwi kwa kuomba radhi. Mafunzo hayo yalipaswa kutangulia siku ya kugawa vishikwambi.

Nasi wazazi tusijitoe. Kishikwambi kisilale chumbani kwa mtoto; kichajiwe sebuleni, au chumbani kwa mzazi, na kizimwe saa tatu usiku, kwani mwanga na msisimko wa kioo huchelewesha usingizi, na mtoto wa kidato cha pili ana upimaji wa kitaifa mbele yake. Mzazi asiyejua kutumia kishikwambi bado anaweza kuuliza kazi ni ipi na kuangalia daftari kama imefanyika. Lakini ili aulize, lazima aambiwe, na wazazi wengi huku wanaondoka alfajiri kwenda mwaloni au shambani na hawana muda wa kubahatisha.

Kwa hiyo naziomba bodi za shule za Manispaa ya Kigoma Ujiji, kabla ya kusaini fomu nyingine yoyote na wazazi, ziandike upya karatasi hiyo kwa Kiswahili chepesi: kila kishikwambi kinachotoka kiambatane na kazi iliyoandikwa na jina la mwalimu atakayeikagua, saa ya kuzimwa, katazo la kupiga picha wenzao bila idhini, na hatua zitakazochukuliwa kwa mtoto atakayekiuka, ikiwamo kukosa zamu yake. Isomwe kwa sauti kwenye kikao, wanafunzi wenyewe wakiwapo, na mzazi asaini baada ya kuuliza maswali yake.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma