Risala ya Waendesha Baiskeli za Kulalia kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wanakamati wa bodi, chifu wetu, wazazi, wanafunzi na waendesha baiskeli wenzetu, hamjambo!

Kwanza tunaomba radhi kwa jinsi tulivyoingia. Ulikuwa umesimama langoni ukitazamia vichwa vya watu, ukaona vitambaa vyekundu vikipepea juu ya ua wa michongoma, kisha miguu, kisha sisi wenyewe. Ndivyo tunavyofika kila mahali. Vitambaa hivyo si vya sherehe. Baiskeli zetu huendeshwa mtu akiwa ameegemea nyuma, miguu mbele; kiti kiko chini, usawa wa gurudumu la gari la matatu, na bila kitambaa juu ya kijiti dereva anaweza kutupita asijue kama kuna mtu.

Sisi ni marafiki saba wa Kisumu: wanaboda wawili, mama muuza samaki wa soko la Kibuye, kinyozi, fundi wa kuchomea vyuma, mwalimu mstaafu, na mimi katibu ninayesoma. Baiskeli ni sita. Ya saba ingali karakana, na mwenyewe leo amekuja kwa matatu akiwa amebeba pampu na solusheni.

Mheshimiwa, chanzo cha haya yote ni mgongo. Mwalimu wetu alikuwa ameendesha Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, tangu ujana wake, mpaka siku daktari alipomwambia aiache. Akaenda kwa fundi kuiuza kama chuma chakavu. Fundi akaitazama, akamtazama na mwenyewe, akasema, “Mwalimu, kama mgongo ndio unaokataa, si tuulaze?”

Alikata fremu mbili nzee akaziunga. Pedali akazipeleka mbele, zikapita gurudumu la mbele. Kiti alikisuka kwa vipande vya mpira wa tairi, kama kitanda cha kamba, ili mtu aegemee na uzito wake usambae mgongo mzima badala ya kukalia kigoda kimoja kigumu. Mnyororo ndio uliompa kazi. Mmoja haukufika popote. Ikabidi aunge karibu mitatu, nao ukalegea, ukawa unauma suruali. Mwishowe aliupitisha ndani ya kipande cha bomba la maji, na hadi leo ukipita karibu naye utasikia ukinong’ona humo ndani.

Siku ya kwanza mwalimu alianguka mara nne kabla ya kufika lami. Baiskeli hii haitaki mwendo wa kunyata: ukiwa polepole inayumba, ukikanyaga kwa nguvu inanyooka. Watoto wa Kondele walimfuata wakiimba kwamba mgonjwa ametoroka hospitali na kitanda chake. Jina likaganda. Hata leo mtaani tunaitwa “watu wa vitanda”, na tumeacha kukasirika.

Wanaotucheka hudhani huu ni uzushi wa jua kali. La. Mwaka 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa, alipanda baiskeli ya kulalia iliyoundwa na Charles Mochet akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoipita ilikuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaamua kwamba chombo kile hakihesabiki kuwa baiskeli ya mashindano. Hakikusema kina kasoro. Chombo kilikuwa kimeshinda tu. Mwalimu wetu hupenda kulisimulia hili kila tunapoachwa nyuma mlimani, na hapo ndipo tunapoachwa kweli, kwa sababu huwezi kusimama juu ya pedali ukiwa umelala. Kilima cha Riat tumekijaribu mara moja. Tulishuka tukasukuma.

Ndiyo maana safari ya leo tuliielekeza huku Kano, ambako nchi ni tambarare. Tulitoka uwanja wa Jomo Kenyatta alfajiri pamoja na wenzetu wa baiskeli za kawaida, tukapita Nyamasaria, tukapumzika Rabuor kwa chai na mandazi, tukapata pancha mbili tu. Kila mwendeshaji alikuwa ametafuta wahisani wa kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Wateja wa mama wa Kibuye walihesabu kilomita zake kwa makini kuliko alivyozihesabu mwenyewe. Mweka hazina atasoma mapato baada yangu, shilingi kwa shilingi, na daftari liko wazi mezani kwa yeyote atakaye kulikagua.

Fedha hizo ni za kulipia vyombo vitatu unavyoviona chini ya mwembe. Ni baiskeli za magurudumu matatu, za kuendeshwa kwa mikono, kwa ajili ya wanafunzi watatu wa shule hii ambao miguu yao haiwabebi. Fundi ni yuleyule, na bomba la mnyororo ni lilelile. Kabla ya kukata chuma alikuja hapa mara mbili na utepe, akapima mkono wa kila mtoto, maana pedali ya mkono ikiwa mbali kwa inchi mbili bega halifiki jioni salama. Mdogo wao, wa darasa la tatu, alimwuliza kama kutakuwa na kengele. Kengele ipo. Naona Mwalimu Mkuu anatabasamu. Ameisikia tangu asubuhi.

Sasa ombi letu, Mheshimiwa, nalo ni moja. Kutoka lango hili hadi lami kuna njia ya udongo mweusi wa Kano. Leo ni kavu na umeipita kwa gari bila shida. Mvua ikinyesha, udongo huo hushika gurudumu, hujaa kati ya tairi na uma, na baada ya hatua kumi chombo hakisongi mbele wala nyuma. Sisi tulikwama hapo mwezi wa nne tulipokuja kupima. Tulibeba baiskeli begani. Mtoto huyu hawezi kuibeba yake. Tunaomba murram, mtaro wa maji ubavuni, na kalavati moja pale penye mkondo. Tumeambatisha mchoro, na umbali tumeupima kwa magurudumu yetu wenyewe.

Hatukuombi mchango wa baiskeli ya saba, ingawa fundi amenikonyeza niseme. Fundi, nimesema.

Mheshimiwa, ukimaliza kuwakabidhi watoto vyombo vyao, tunakualika ukalie kimoja cha vitanda vyetu na kuzunguka uwanja. Wawili watakushikilia. Ila tunaomba iwe kabla ya saa saba, kwani mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma, na kurudi Kisumu ni kuukabili uso kwa uso. Sisi tuliolala hutupita juu. Wenzetu wa baiskeli za kawaida hupenda kujificha nyuma ya mtu, na nyuma yetu hakuna pa kujificha, kwa hiyo wamekwisha anza kutazama miti.

Ahsante, na karibu sana.

Katibu, kwa niaba ya kikundi.